Saa mbili 'imepita' au 'zimepita'? Lugha, muda na hesabu ya sekunde

TAZAMA sentensi hii fupi: ‘Meza kidonge kimoja kila saa nane.’ Ni Kiswahili fasaha, hakina kosa la sarufi, na wengi wetu tumewahi kuambiwa maneno kama hayo tulipougua. Lakini hebu isome mara ya pili. Je, mgonjwa ameambiwa ameze kidonge, akae muda wa saa nane, kisha ameze kingine? Au ameambiwa kwamba kila siku, ifikapo saa nane mchana, akumbuke kidonge chake?

Tofauti si ndogo. Kwa maana ya kwanza, mgonjwa atameza vidonge vitatu kwa siku. Kwa maana ya pili, atameza kimoja tu. Akiwa mbele ya daktari, utata huu huondoka upesi: mgonjwa huuliza, daktari hufafanua, mambo yakaisha. Sasa mwondoe daktari hapo, uweke simu inayotumia programu kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa. Programu haiwezi kuuliza ‘Una maana gani?’ Ni sharti igeuze maneno hayo kuwa hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo huwa ya sekunde. Kwa maana ya kwanza, pengo kati ya ujumbe mmoja na mwingine litakuwa sekunde 28,800. Kwa maana ya pili, litakuwa sekunde 86,400. Atakayeiandika programu hiyo ndiye atakayechagua, na huenda asijue hata kwamba amechagua.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wa kompyuta, wala hayahusu ukumbi wa lugha. Mimi naona yanatuhusu sana. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha silabasi ya kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi na za upili usimbaji, yaani kuandika programu za kompyuta. Baadhi ya wanafunzi hao wataandika programu zitakazozungumza na Wakenya kwa Kiswahili. Kabla ya hesabu, watahitaji kujua namna Kiswahili kinavyoutaja muda. Hoja yangu leo ni kwamba lugha yetu inazo nyenzo za kutosha za kuutaja muda bila utata. Tatizo ni kwamba tunaziacha kabatini.

Tuanze na majina yenyewe. ‘Saa’ na ‘dakika’ tuliyapata kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo, asili ya neno dakika ina maana ya kitu chembamba au kidogo sana. Waingereza nao walilitoa neno lao la dakika katika Kilatini, na maana yake ilikuwa hiyo hiyo ya udogo. ‘Sekunde’ ina asili ya mbali katika neno la Kilatini lenye maana ya ‘ya pili’, kwa kuwa ni matokeo ya mgawo wa pili wa saa. Mgawo wa kwanza hukupa dakika 60, na wa pili huigawa kila dakika mara 60 tena. Mtindo huo wa kuhesabu kwa 60 ni urithi wa Wababiloni wa kale. Kamusi zetu pia zina neno ‘nukta’ kwa maana ya sekunde, ingawa siku hizi wengi tunalijua kama alama ya uandishi tu.

Kwa hiyo jina lenyewe linatufundisha kanuni. Saa moja ni 60 mara 60, yaani sekunde 3,600. Ukitaka kugeuza muda wowote kuwa sekunde, zidisha saa kwa 3,600, zidisha dakika kwa 60, kisha jumlisha pamoja na sekunde zilizosalia. Mtoto wa darasa la tano anaiweza hesabu hiyo. Kinachosumbua ni kujua kama kilichotajwa ni muda au ni kitu kingine.

Hapo ndipo neno ‘saa’ linapotuponyoka. Katika Kiswahili, neno hili lina kazi tatu. Kwanza, ni chombo tunachokivaa mkononi au kukitundika ukutani. Pili, ni nukta fulani katika siku: ‘tuonane saa nne’. Tatu, ni kipimo cha muda: ‘tulingoja saa nne’. Maneno ni yale yale. Mwingereza ana neno moja la kusomea saa ya ukutani na jingine la kupimia muda, hivyo lugha yake humlinda hata asipojua.

Isitoshe, saa yetu ya kusoma haianzi mahali inapoanzia ya Mzungu. Yeye akisema saa nane asubuhi, sisi tunasema saa mbili, kwa kuwa hesabu yetu huanza kunapokucha na kunapokuchwa. Lakini akisema amefanya kazi kwa muda wa saa nane, hata sisi tunasema saa nane. Kwa maneno mengine, anayefasiri nukta ya wakati lazima asogeze namba kwa sita, ilhali anayefasiri muda haruhusiwi kuigusa namba hiyo. Programu itakayopunguza sita kila inapokutana na saa itamwambia fundi kwamba kazi ya saa nane ni ya saa mbili. Na isiyopunguza kabisa itamfanya msafiri wa saa mbili asubuhi afike kituoni saa nane mchana. Basi litakuwa limekwenda zamani!

Je, sarufi yetu haina msaada? Inao, na ni mzuri. Linganisha sentensi hizi mbili: ‘Saa mbili imepita na wageni hawajafika’ na ‘Saa mbili zimepita na wageni hawajafika.’ Neno saa halikubadilika kwa sababu limo katika ngeli ya I-ZI, ambamo umoja na wingi hufanana. Kilichobadilika ni upatanisho. ‘Imepita’ ni ya umoja: saa mbili hapo ni nukta moja tu, ile inayofuata saa moja. ‘Zimepita’ ni ya wingi: ni saa moja na nyingine, jumla yake sekunde 7,200. Herufi chache mwanzoni mwa kitenzi zimetenganisha wakati na muda. Mwanafunzi anayedhani kwamba upatanisho wa kisarufi ni adhabu iliyobuniwa na walimu, na aitafakari mifano hii.

Huenda kuna msomaji anayeuliza, ‘Prof, na masaa je?’ Naam. Mitaani, redioni na hata bungeni, watu husema ‘masaa mawili’ wanapotaja muda na ‘saa mbili’ wanapotaja wakati. Walimu wengi hulikata neno masaa kwa wino mwekundu. Mimi sioni sababu ya kuwacheka wanaolitumia, maana wameuhisi utata ninaouzungumzia na wakatafuta njia ya kuuepuka. Hata hivyo, dawa hiyo haiponyi. Masaa ni wingi, nayo mamoja hayapo. Ukisema ‘Nipigie simu baada ya saa moja’, masaa hayawezi kukusaidia. Nikupigie dakika 60 kuanzia sasa, au nikupigie wakati wowote baada ya saa moja jioni? Hata ule upatanisho niliousifu hutuacha hapo, kwa kuwa saa moja ‘imepita’ katika maana zote mbili.

Dawa inayoponya ni neno lililo wazi kwetu sote: ‘muda’. ‘Nipigie baada ya muda wa saa moja’ haina maana ya pili. Na kwa upande wa wakati tuna ‘ifikapo’, ‘itimiapo’, pamoja na majira ya siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mtu akisema ‘ifikapo saa moja jioni’, hakuna atakayeanza kuhesabu dakika.

Tukishaupata muda, kwa nini tuugeuze kuwa sekunde? Wanariadha wetu watatusaidia kueleza. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, katika mbio maalumu ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Oktoba 8, 2023, jijini Chicago, marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia kwa kutumia saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Tofauti ni ipi? Ukitoa safu kwa safu, utaanza kukopa: dakika kutoka kwa saa, sekunde kutoka kwa dakika. Sasa geuza kila kimoja kuwa sekunde. Kipchoge: 3,600 jumlisha 3,540 jumlisha 40, yaani 7,180. Kiptum: 7,200 jumlisha 35, yaani 7,235. Toa: sekunde 55. Ndiyo sababu programu nyingi hupenda kuubeba muda kama namba moja ya kipimo kimoja, kisha huurudisha katika saa na dakika pale tu binadamu anapotaka kuusoma.

Hata hivyo, hata sekunde zina mtego wake wa lugha. Katika Python, lugha ya programu inayopendwa sana na wanaoanza kujifunza usimbaji, kuna kifaa cha kuhifadhia muda kinachoitwa ‘timedelta’. Kiwekee muda wa siku moja na saa moja, kisha ukiulize ‘seconds’, yaani sekunde. Kitakujibu 3,600. Wengi hushangaa, kwa kuwa siku moja na saa moja ni sekunde 90,000. Lakini mashine haijakosea. Huweka siku kando katika safu yake, kisha hutaja sekunde zinazobaki baada ya siku kutolewa. Anayetaka zote ni sharti aulize ‘total_seconds’, yaani jumla ya sekunde. Programu iliyoandikwa kwa neno lile la kwanza inaweza kufanya kazi bila dosari kwa majaribio yote yasiyofika siku nzima, kisha ipotoke siku ya pili.

Sisi pia tuna mtego huo katika mazungumzo. Mama anampeleka mtoto wa miaka mitatu na miezi miwili kliniki. Muuguzi akiuliza, ‘Ana miezi mingapi?’, mama atajibu miwili au 38? Inategemea kama muuguzi anajaza safu ya pili ya umri au anataka umri wote kwa miezi. Neno moja tu, ‘jumla’, lingemaliza shaka: ‘Jumla ana miezi mingapi?’ Watunzi wa Python walilazimika kuongeza neno hilo hilo.

Kuna pia vipimo ambavyo havikubali kugeuzwa sekunde ovyo. Mwezi ni mmoja wapo. Februari ina siku 28 au 29, Aprili 30, Mei 31. Ukiambiwa ‘mwezi mmoja’ bila kuambiwa unaanza lini, huna namba. Ndiyo maana ‘timedelta’ hiyo ya Python haina nafasi ya miezi wala ya miaka. Hata siku si salama kila mahali. Katika nchi nyingi za Ulaya, saa husogezwa mbele mwezi Machi na kurudishwa nyuma mwezi Oktoba, hivyo kuna siku moja yenye saa 23 na nyingine yenye saa 25. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna shughuli hiyo, lakini tuna yetu: kwa jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Lamu unaweza kuwa ule ambao mwenye kalenda ya ofisini anauita Alhamisi usiku. Magazeti yetu yaliutatua utata huo kwa ustadi kwa kuandika ‘usiku wa kuamkia Ijumaa’. Huo ni mfano mzuri wa lugha kujitengenezea usahihi ilipouhitaji.

Wataalamu wa viwango nao wamejitengenezea sarufi. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, muda huandikwa ukitanguliwa na herufi P, na herufi T hutenga siku na saa. P1M ni mwezi mmoja. PT1M ni dakika moja. Herufi M ni ile ile, maana huamuliwa na mahali ilipo. Anayeijua ngeli ya I-ZI hatashangazwa na jambo hilo.

Nyenzo hizi zikitumiwa vyema, huwafaa watu. Mwaka 2010, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa WelTel uliofanywa hapa Kenya miongoni mwa watu 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Baadhi yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki: ‘Mambo?’ Walitakiwa wajibu ‘Sawa’ au ‘Shida’ katika muda wa saa 48. Asiyejibu, na aliyejibu Shida, alipigiwa simu. Waliopokea ujumbe huo walizingatia matumizi ya dawa vizuri kuliko ambao hawakuupokea. Tazama mpango huo kwa jicho la lugha. Salamu ni ya mtaani kabisa, legevu na ya kirafiki. Lakini nyuma ya salamu kuna namba isiyo legevu: saa 48, yaani sekunde 172,800. Hakuna aliyeambiwa ‘jibu mapema’.

Namba inapokosekana, gharama yake inaweza kuwa roho za watu. Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilipiga kambi ya Wamarekani mjini Dhahran, Saudi Arabia. Wanajeshi 28 waliuawa. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukurusha chochote. Ripoti ya GAO, afisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilieleza sababu mwaka uliofuata. Kompyuta ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde tangu ilipowashwa, kisha ikazidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi ili kupata sekunde. Sasa, kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mfumo huo moja ya kumi haina mwisho, kama vile moja ya tatu isivyo na mwisho katika desimali zetu. Mtambo ule uliikata baada ya nafasi 24. Kilichopotea kilikuwa takriban 0.000000095. Ni kitu gani hicho!

Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100. Saa 100 ni sekunde 360,000, na sehemu za kumi ni 3,600,000. Zidisha kwa kile kilichopotea, utapata takriban sekunde 0.34. Scud husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo mtambo ulitazama mahali palipokuwa zaidi ya nusu kilomita kutoka kombora lilipo, haukuona kitu, ukatulia.

Kwa mtu wa lugha, jambo zito zaidi katika ripoti hiyo halimo katika hesabu. Waisraeli walikuwa wametoa taarifa mapema kwamba mtambo huanza kupotoka baada ya saa nane za kuwaka mfululizo. Februari 21, siku nne kabla ya maafa, watumiaji wa Patriot walitumiwa ujumbe kwamba mtambo ukiwashwa kwa ‘muda mrefu sana’ unaweza kupotoka. Ujumbe haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Askari wa Dhahran hawakuwa na njia ya kujua kwamba saa 100 zilikuwa nyingi kupita kiasi. Programu iliyorekebishwa iliwafikia Februari 26, siku moja baada ya vifo. Kuuzima mtambo na kuuwasha tena kungetosha kuirudisha hesabu kwenye sufuri, kama wangejua ni baada ya saa ngapi.

Kiswahili kina maneno mengi ya jinsi hiyo: punde, kitambo, hivi karibuni, muda si mrefu, sasa hivi. Ni maneno matamu, na hatuwezi kuishi bila hayo. Fundi akikwambia ‘nakuja sasa hivi’, unajua namna ya kumsubiri. Lakini hayawezi kugeuzwa sekunde, na kwa hiyo hayafai katika maagizo ya dawa, mkataba wa mkopo, tahadhari ya mafuriko wala programu ya kompyuta.

Nina mapendekezo matatu kwa wanaoandika programu na maagizo kwa Kiswahili. Kwanza, tenganisha muda na wakati kwa maneno yaliyo wazi: ‘muda wa saa nane’ kwa upande mmoja, ‘ifikapo saa nane mchana’ kwa upande wa pili. Pili, taja kipimo katika jina la namba yenyewe. Kuna amri za kompyuta zinazosubiri sekunde, na nyingine, kama ‘setTimeout’ ya JavaScript, zinazosubiri kwa sehemu za elfu za sekunde. Anayeiandikia amri hiyo 30 akidhani ni sekunde 30 atapata pengo lisilotosha kupepesa jicho. Namba iliyopewa jina ‘muda_kwa_sekunde’ humkumbusha kila anayeisoma. Tatu, mpe mwanafunzi wa usimbaji mwalimu wa Kiswahili karibu naye, kwa sababu kosa la saa huanza katika sentensi kabla ya kufika katika hesabu.

Na ile sentensi ya kidonge? Ninayoiandikia lebo ya chupa ya dawa ni hii: ‘Meza kidonge kimoja kila baada ya muda wa saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.’ Ni ndefu kidogo, lakini haimwachii mgonjwa wala simu yake kazi ya kukisia.